Maji ya Mwenyeji

Jina la nchi yetu sitalitaja. Kulitaja bila kibali ni kosa, na kulitaja kwa kibali ni aibu, kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, na wewe uliyezaliwa humo nyamaza tusonge mbele. Mimi nilikuwa Afisa Taarifa Daraja la Tatu katika Wizara ya Misitu. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwamba mambo ni mazuri. Niliifanya miaka kumi na mmoja, kwa mwandiko safi, na sikuwahi kuchelewa kazini hata siku moja. Haya ninayoandika leo hayakupita mezani kwa mkubwa yeyote. Kibali changu cha kuyaandika ni kimoja, nacho nitakionyesha mwishoni.

Nianze na msitu.

Tulikuwa na msitu ulioitwa Lugombe. Kwa maoni ya Wizara, msitu huo ulikuwa na kasoro kubwa: miti ilisimama popote ilipotaka. Mivule mirefu ilichanganyika na vichaka, mikuyu ikaota juu ya migongo ya miti mingine, mimea ya kutambaa ikapanda bila kumwomba mtu ruhusa, na humo ndani waliishi sokwe, popo, vinyonga na wadudu ambao hawajawahi kusajiliwa na ofisi yoyote. Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Gaudensi Matumula, alipoutazama mara ya kwanza kutoka kwenye helikopta, alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Huu si msitu," alisema. "Hii ni fujo."

Siku hizohizo, kwa bahati tu, Kampuni ilikuwa inatafuta ardhi ya kupanda michikichi. Jina la Kampuni nalo halitajwi. Tuliambiwa kwamba dunia nzima inasubiri mawese yetu: yanaingia kwenye sabuni, kwenye biskuti, kwenye rangi za midomo, na hata kwenye matangi ya magari ya watu wanaopenda sana mazingira. Kulikuwa na kikwazo kimoja. Nchi yetu ilikuwa imeahidi mbele ya mataifa yote kwamba haitapunguza misitu yake hata kwa hatua moja ya mtu mzima.

Nchi nyingine ingekwama hapo. Sisi tuliitisha warsha. Washiriki sitini walikaa hotelini siku tatu, wakala kuku, wakapigwa picha ya pamoja, na siku ya tatu wakatoka na tafsiri mpya ya msitu, ambayo niliinakili kwa mkono wangu mwenyewe: "Msitu ni mahali popote penye miti miwili au zaidi, ilimradi miti hiyo ionekane." Mchikichi unaonekana. Tena unaonekana kuliko mvule, kwa sababu hupandwa kwa mstari na haujifichi nyuma ya mwenzake.

Basi Lugombe wote ukakatwa, kutoka bonde hadi bonde, na michikichi ikapandwa. Katika taarifa ya mwaka ule niliandika kwamba eneo la misitu nchini limeongezeka. Sikudanganya. Michikichi ilipandwa hadi juu ya makaburi ya watu, mahali ambapo zamani hapakuwa na mti.

Na asije mtu akasema tulikuwa wakatili. Sokwe walipewa notisi ya siku tisini, kwa maandishi, yenye mhuri, ikabandikwa kwenye shina la mvule. Mwanasheria wa Wizara alikaa ofisini kila siku hadi saa tisa na nusu akisubiri pingamizi zao. Hakutokea hata mmoja. Siku ya tisini na moja matingatinga yakaingia. Sokwe jike mmoja alikutwa amekaa katikati ya barabara na mtoto wake aliyekufa mgongoni, anawatazama madereva, hasogei wanapopiga honi. Niliandika kwamba wanyama wamehama kwa hiari.

Magogo yasiyo na faida yakachomwa. Moto uliwaka wiki tano, ukaingia chini ya ardhi kwenye udongo mweusi wa kinamasi, na huko ukaendelea kula polepole bila kuonekana. Saa sita mchana jua lilikuwa jekundu. Shule zilifungwa kwa sababu walimu hawakuwaona wanafunzi. Redio ya Taifa ikatangaza kwamba ule si moshi, ni ukungu wa msimu, na wenye matatizo ya kifua wakaombwa kupumua kwa zamu.

*

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, maana usipoijua hutaelewa yaliyonikuta.

Kwetu mgeni akifika mahali hupewa maji kabla ya neno lolote zaidi ya salamu. Hapewi chai wala soda. Hupewa maji ya palepale, kutoka mkononi mwa mama mkubwa wa mahali hapo. Mpaka ayanywe, hasemi, na akisema hasikilizwi, kwa kuwa anahesabika bado hajafika. Waasisi wetu waliipenda desturi hii hata walipoandika Katiba wakaifanya Ibara ya Kwanza, mbele ya mipaka ya nchi, mbele ya bendera, mbele ya kitu chochote kinachohusu uhuru wa mtu. Wakaongeza na kifungu kidogo kwa ajili ya wazee na wagonjwa: "Asiyeweza kunywa atanywewa na mwingine, na aliyekunywa ndiye atakayesema, wala hatakatizwa."

Hadi siku ninazosimulia, Katiba hiyo ilikuwa imekwisha kufanyiwa marekebisho arobaini na mawili. Kila ibara ilikuwa imeguswa isipokuwa hiyo ya kwanza. Hakuna mkubwa aliyewahi kuwaza kwamba maji ya kunywa yanaweza kumletea shida.

Sisi watumishi wa umma huzunguka sana, na kwa hiyo hunyweshwa sana. Ndiyo maana Chuo cha Utumishi kina kozi ya siku mbili iitwayo Kugusisha. Unapokea kibuyu kwa mikono miwili, unakigusisha mdomoni, unainua kidevu, unasema "aah," unakirudisha kwa shukrani. Tumboni hakiingii kitu. Katika kozi hiyo mimi nilikuwa wa kwanza darasani.

*

Kampuni ilijenga kiwanda chake cha kukamua mawese kando ya Mto Luhozi, juu kidogo ya kijiji cha Mgaza.

Watu wa Mgaza wanaujua mchikichi kuliko Kampuni. Tangu enzi za bibi zao kila ua ulikuwa na michikichi miwili mitatu, katikati ya migomba na maharage. Wanawake walichemsha chikichi kwenye pipa, wakazitwanga, wakazikamua, wakaengua mafuta mekundu yaliyoelea. Yale maji machafu yaliyobaki, ndoo mbili au tatu, waliyamwaga kwenye shimo mbali na mto, kwa sababu walijua yanavyooza. Hakuna aliyewafundisha hilo kwenye warsha. Kampuni ilikuwa na maji machafu ya kujaza bwawa kila siku iendayo kwa Mungu, na badala ya shimo ilikuwa na bomba lililoelekea mtoni.

Maji yalitoka bombani yakifuka mvuke, rangi ya kahawia, na utando wa mafuta juu yake. Wiki ya kwanza samaki walielea. Niliandika kwamba uvuvi umerahisishwa. Wiki ya tatu hapakuwa na samaki tena wa kuelea, nami sikuandika kitu. Mvua zilipoanza, dawa ya kuua magugu iliyopulizwa kwenye ile mistari mizuri ya michikichi ikateremka nayo mtoni, na watoto wa Mgaza wakaanza kutokwa na malengelenge mikononi na miguuni.

Ndipo Bi. Konsesa Ndabise alipokuja Wizarani. Ni mjane wa miaka sitini na kitu, mkamua mawese tangu usichana wake, na ndiye mama mkubwa wa Mgaza. Alisafiri siku mbili, nusu kwa miguu, nusu juu ya lori la magogo, akiwa amepakata chupa ya maji ya mto aliyoifunga kwa kitambaa. Walimleta kwenye meza yangu kwa sababu wengine wote walikuwa kwenye mkutano wa maandalizi ya mkutano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mgeni, kwa hiyo nikampa maji ya ofisini, ya baridi, kwenye glasi. Akanywa yote bila kupumzika, kisha akaitazama glasi tupu.

"Matamu haya. Mnayachota wapi?"

"Huletwa kwenye chupa kutoka ng'ambo, mama."

Akaiweka glasi mezani taratibu. "Mimi sina mengi. Nina mjukuu wangu, Adela, ana miaka minne. Tumbo linamwendesha tangu mvua za kwanza, na ngozi inambabuka. Mdogo wake tumemzika mwezi wa tatu. Nataka mtu aje aone kwa macho yake, awaambie wale wazibe lile bomba, na sisi mtuchimbie kisima. Maji yenyewe nimekuletea, haya hapa."

Nikamweleza, kwa upole kabisa, kwamba sampuli haipokelewi kwenye chupa ya mtu binafsi. Sheria inataka chupa rasmi ya Wizara.

"Basi nipe hiyo rasmi nikachote."

Nikampa. Akaigeuza mkononi. "Mbona imejaa?"

"Chupa rasmi hutolewa zikiwa zimekwisha kujazwa, mama. Ni maji yaliyothibitishwa. Tunaepusha makosa ya kibinadamu wakati wa kuchota."

"Kwa hiyo mnapima maji yenu wenyewe."

"Ni ya taifa, mama."

Nilimwambia pia afanye haraka, maana nilikuwa bado na huruma ya kiofisi. Baada ya wiki tatu wageni wa ng'ambo wangekuja Mgaza kuipa Kampuni Cheti cha Kijani, ambacho bila hicho mawese yetu hayaingii kwenye maduka yao. Na sheria yetu inasema kwamba Cheti kikishasainiwa, malalamiko kuhusu maji, hewa au udongo wa mahali hapo hayapokelewi kwa miaka thelathini, kwa kuwa kitu kilichokwisha kuthibitishwa kuwa kizuri hakiwezi kuwa kibaya. Hata ombi la kisima hufutwa, kwani wa nini kisima penye mto mzuri?

Akawa anahesabu kwa vidole. "Adela atakuwa na thelathini na minne."

"Akijaliwa, mama."

Alinitazama. Nakumbuka nilijifanya natafuta kalamu.

*

Wizara ilinituma mimi nikakague. Nilikwenda Mgaza na kreti la chupa rasmi, ili nizipeleke hadi mtoni na kuzirudisha.

Nilipofika, Bi. Konsesa alinipokea uani kwa kibuyu cha maji. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikakigusisha, nikainua kidevu.

"Aah," nikasema. "Asante, mama."

"Hujanywa."

"Nimekunywa, mama."

"Koo halikupanda wala halikushuka. Mimi nimelea watoto saba, najua mtu anayemeza na mtu anayetania." Akakichukua kibuyu chake. "Basi hujafika, baba. Ukirudi huko ukasema ulifika Mgaza, utakuwa unasema uongo."

Adela alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu myembamba, anajikuna mikono hadi inatoka maji. Aliomba maji. Bibi yake akayachota kwenye chungu cha maji ya mto yaliyochemshwa, na kabla ya kumpa akaengua utando wa mafuta kwa kijiko, polepole, kwa mkono uleule uliozoea kuengua mawese. Miaka yote mkono ule ulikuwa ukiengua ili upate mafuta, na sasa ulikuwa unayatupa ili mtoto apate maji. Mtoto akanywa. Niliona kila kitu. Sikuwa kipofu, nilikuwa mwajiriwa.

Nikaenda kukaa garini, nikajaza fomu. Penye rangi nikaandika "hakuna." Penye harufu nikaandika "ya kawaida." Penye ladha, kwa mujibu wa maelekezo, afisa anatakiwa aonje mwenyewe kabla ya kuandika. Nikaandika "tamu."

*

Siku ya Cheti ilikuwa ya kupendeza kwa watu waliokuja na magari. Kiwanda kilikuwa kimezimwa siku nne ili mto upate nafasi ya kujirekebisha. Mto haukujirekebisha, kwa hiyo ulifunikwa kingo zote mbili kwa makuti ya michikichi usionekane. Kulikuwa na jukwaa, bendi ya polisi, Redio ya Taifa ikitangaza moja kwa moja, na wageni watatu wa ng'ambo wenye kofia na mafuta ya kuzuia jua, ambayo nayo, nilisoma kwenye kichupa, yametengenezwa kwa mawese. Ibara ya Kwanza haiwagusi wageni wa namna hiyo. Wanasheria wetu walikwisha kuamua kwamba matumbo yao yana kinga ya kibalozi.

Kwa ajili ya Waziri kulikuwa na mpango. Kamati ya mapokezi ilileta jagi la maji ya ng'ambo, na binti mmoja mrembo kutoka mji mkuu aliyevalishwa kitenge ili awe mwenyeji. Mpango ungefaulu kama mshereheshaji, ambaye alizaliwa hukohuko na anapenda kusikika, asingetaka kuwaonyesha wageni utamaduni.

"Wageni wetu waalikwa!" alisema kwenye kipaza sauti. "Katika nchi hii kiongozi hafungui kinywa kabla ya kunywa maji ya mwenyeji! Si maji ya dukani! Ni maji ya mahali penyewe, kutoka mkononi mwa mama mkubwa wa mahali penyewe!"

Mkalimani akayatafsiri yote. Wageni wakafurahi, wakatoa kamera. Na Bi. Konsesa akasimama.

Alikuja na kibuyu kimejaa. Nyuma yake wanawake arobaini wa Mgaza walikaa chini mbele ya jukwaa, na kwa pamoja wakainua macho hadi shingoni mwa Mheshimiwa. Yule binti wa kitenge akasogea pembeni na jagi lake. Kamera zilikuwa zinapiga, hakuna aliyethubutu kumgusa bibi.

Waziri akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Akakiona kilichomo. Akakigusisha, akainua kidevu. "Aah."

"Koo halikupanda, Mheshimiwa," alisema Bi. Konsesa, kwa heshima zote. "Utuwie radhi. Hatujakuona ukifika."

Waziri akafungua mdomo, akakumbuka Katiba, akaufunga. Mtu ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi moja bila kuzaa tano alisimama pale kimya, kibuyu mkononi. Mtangazaji wa redio alilazimika kufanya kitu.

"Wasikilizaji wapenzi," alinong'ona, "Mheshimiwa Waziri ameshika kibuyu... Bado amekishika... Anakitazama..." Baada ya dakika nane: "Wasikilizaji, Mheshimiwa ameingiwa na tafakuri."

Waziri akaandika kwenye karatasi na kumpa katibu wake. Niliyaona maneno kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yao: "Nani aliandika kwamba ni tamu?" Katibu akapekua faili. Halafu akageuka akaninyooshea kidole.

Karatasi ya pili ilikuwa fupi zaidi: "Kuanzia sasa mimi ni mgonjwa." Mwanasheria, yuleyule aliyewasubiri sokwe, akasoma, akagonga mhuri. Kifungu kidogo cha Ibara ya Kwanza kilikuwa kimepata kazi. Kibuyu kikawekwa mikononi mwangu na hotuba ya kurasa tisa kwapani.

Nikanywa.

Sitapamba. Yalikuwa ya vuguvugu. Yalinuka tunda lililooza ndani ya pipa lililofunikwa, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na ukali wa dawa ulionikaba. Mafuta yalitanda juu ya ulimi na hayakutoka. Funda la kwanza lilitaka kurudi, nikalizuia. Wanawake arobaini walikuwa wanahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Walipofika saba kibuyu kilikuwa kitupu. Bi. Konsesa akakichukua, akakipindua mbele ya kamera, halikudondoka hata tone.

"Karibu Mgaza, baba," alisema. "Umefika. Sasa sema."

Naomba uelewe nilikuwa wapi. Kwa sheria ya nchi yangu, hakuna mtu, hata Rais, aliyeweza kunikatiza. Redio ilikuwa wazi kwa nchi nzima. Mkalimani alikuwa tayari. Wageni walikuwa wameshika kalamu na Cheti kiko mezani bado hakijasainiwa. Adela alikuwa mbele kabisa, mapajani mwa mwanamke mmoja, ananitazama kwa sababu wote walikuwa wananitazama. Nilikuwa na ladha ya mto ule mdomoni. Neno moja lingetosha, na nilikuwa nalo.

Nikafungua hotuba nikaisoma.

"Leo," nilisoma, "Mto Luhozi unatiririka kama ushahidi hai wa ndoa kati ya viwanda na maumbile! Wapo wanaosema tumepoteza msitu. Tunawauliza: mbona miti iko mistarini inawatazama? Wapo wanaosema maji yamebadilika. Tunawajibu: hata taifa limebadilika, na limebadilika kuwa bora!" Nilisoma kurasa zote tisa. Kwenye ukurasa wa sita tumbo lilianza kunisokota, nikashika meza nikaendelea. Penye alama ya kupigiwa makofi nilisubiri makofi. Nilikuwa mtumishi mzuri.

Bi. Konsesa hakupiga kelele. Aliinama, akafunga upya khanga yake kiunoni, akamchukua Adela na kuondoka naye kabla bendi haijaanza. Wageni wakasaini.

*

Leo ni siku ya kumi na tisa nimelazwa. Taarifa ya Wizara ilisema nimezidiwa na furaha. Wiki ileile ya Cheti Bunge likapitisha marekebisho ya arobaini na tatu, kwa kauli moja na kwa kupiga meza: kuanzia sasa mgeni atakunywa maji aliyokuja nayo. Ibara ya Kwanza nayo ikawa imeguswa. Wauguzi walinisomea gazeti, na nilipojaribu kucheka nilitapika.

Siku ya kumi na tano Bi. Konsesa akaja. Alisimama mlangoni mwa wodi na chupa iliyofungwa kwa kitambaa, nikadhani ameniletea maji ya mto, na nikaona kwamba ana haki. Yalikuwa maji ya mvua, aliyakinga kwenye bati la shule na kuyachemsha. Akanimiminia. Nikanywa. Alitazama koo langu hadi nilipomaliza, ndipo akakaa kwenye kigoda.

"Adela tumemzika Jumanne," alisema.

Nilianza kusema pole, nikaanza kulia, nikaanza kueleza kwamba nina nyumba ya serikali, kwamba mtu wa daraja la tatu hawezi. Alinyanyua mkono.

"Pole yako sikuifuata, baba. Ningekuwa nataka pole ningebaki nyumbani, huko zipo nyingi. Mimi nimekuja kwa jambo moja. Siku ile ulikunywa maji yetu. Nilihesabu mwenyewe, mafunda saba. Na yale uliyosoma yalikuwa maneno ya Waziri, na Waziri hakunywa. Yako wewe bado hujayasema."

"Mama, Cheti kimesainiwa. Malalamiko hayapokelewi miaka thelathini."

"Nani kakwambia nataka kulalamika? Nilishalalamika, ukanipa chupa iliyojaa. Nataka yasemwe tu. Mtoto asifukiwe na uongo juu yake."

Akaifunga chupa yake tupu kwa kitambaa, akaniaga, akaenda kutafuta lori.

Ndicho kibali changu hicho. Nilikunywa kabla Katiba haijarekebishwa, na sheria zetu hazirudi nyuma, mwanasheria mwenyewe aliwahi kunifundisha hivyo. Wakija kunichukua watakuta nimekwisha kumaliza. Nina hasira na Kampuni, nina hasira na yule bwana wa helikopta, nina hasira na watu wenye kofia waliokuja kupiga picha kibuyu na hawakuuliza ndani mna nini. Lakini mkono ulioandika ulikuwa wangu, na hakuna aliyeushika.

Kwa hiyo nimeomba fomu nyingine. Muuguzi ameniletea, na ninaijaza hapa kitandani kwa mwandiko uleule safi. Mahali: Mgaza, Mto Luhozi. Afisa amefika: ndiyo. Rangi: kahawia. Harufu: ya kuoza. Ladha: afisa ameonja, si tamu, haikuwahi kuwa tamu tangu bomba lile liwekwe, na afisa alijua. Mwisho kabisa pana nafasi ya maelezo ya ziada, ambayo kwa miaka kumi na mmoja niliiacha wazi. Leo nimeandika: Adela, mjukuu wa Konsesa Ndabise, miaka minne. Alikunywa maji haya kila siku.